Maji ya Siafu

Maji ya kisima huku Lanet yana chumvi nyingi. Birika likikaa miezi miwili linaota gamba jeupe ndani, na chai inaanza kuwa na ladha ya chokaa. Mwezi uliopita mke wa mwanangu mdogo alinunua dawa ya kuondoa hilo gamba. Aliimimina ndani ya birika, mvuke ukapanda, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni nikichambua kunde. Harufu iliponifikia mikono yangu ilisimama.

“Ni dawa tu, Mama,” akasema. “Itaisha saa hii.”

Nilimwambia sawa, nikabeba ungo wangu nikatoka nje. Sikutaka anione uso. Harufu ile haikai puani kama harufu nyingine. Inadunga, halafu inakupeleka machozi machoni kabla hujajua unalia nini. Baadaye, alipokwenda kazini, niliichukua ile chupa nikavaa miwani. Nyuma kwa maandishi madogo walikuwa wameandika jina lake kamili, asidi ya fomiki. Sisi tuliiita maji ya siafu. Nimefika umri huu wa kufunga kitambaa hata jua likiwaka, nimezaa, nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, nimesimama kanisani nikashuhudia mambo mengi, na jambo moja linalohusu maji hayo sijawahi kulishuhudia mbele ya watu. Sasa nitalisema.

Baba yangu alikuwa mtu wa Bunyore. Alikuja Nakuru akitafuta kazi ya reli, akapata ya blanketi. Kiwanda kilikuwa kando ya mji, upande wa ziwani, na wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani likatanda juu ya kila kitu, mpaka blanketi zilizoanikwa zilionekana zimepakwa unga. Tuliishi kwenye landhi, vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, ukuta mwembamba kati ya familia na familia. Jirani akikohoa, wewe unasema pole.

Jirani yetu alikuwa Kimani, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Njeri. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa Baba pale kwenye matangi ya rangi, na ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyetembea na funguo kiunoni. Vidole vyake havikuwa na rangi moja. Wiki hii vyekundu, wiki ijayo samawati. Mkewe, Mama Njeri, alikuwa mkali na mwenye mkono mwepesi, lakini akipika irio hakuna mtoto wa landhi aliyelala bila kuonja. Binti yao Njeri alikuwa rika langu. Tulikuwa na miaka tisa, labda kumi. Tulienda shule moja, tukapigana, tukapatana, tukafundishana lugha. Mimi nilisikia Kikuyu vizuri, na yeye alijua kutukana kwa Kinyore kuliko mimi.

Wale wa rika langu mnakumbuka zile siku zilikuwaje. Zilikuwa siku za Emajensi, serikali ya wakoloni ikiwasaka Mau Mau. Wakikuyu walikuwa wanapakiwa kwenye malori na mabehewa, wanarudishwa risavu, maeneo waliyotengewa na serikali, hata wale waliozaliwa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na ambao hawakuwa na mtu wala nyumba huko. Landhi yetu ilikuwa imepungua. Baba Njeri alibaki kwa sababu ya karatasi moja ya kibali aliyoikunja akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na karatasi hiyo ilisimama kwa sababu ya asidi. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuipima kama yeye. Lakini mimi mtoto sikuelewa hivyo. Nilidhani karatasi ile ni ya kumsifu kwa akili zake, kama tulivyopewa sisi shuleni. Na risavu nilidhani ni jina la mahali pazuri, kwa sababu watu walikwenda huko na vitanda vyao na kuku wao.

Jioni, kabla giza halijaingia, wanaume wale wawili walikaa nje kwenye ngazi na sisi tukakaa miguuni pao. Baba Njeri alipenda kueleza kazi yake. Nimesoma kemia kidogo baadaye, nikaona kwamba hakukosea sana.

“Sufu, hizi nywele za kondoo, ni kama mtu mkaidi,” alisema. “Ukimletea rangi peke yake, anasimama nayo mlangoni. Ukiosha, rangi inaenda zake. Lakini weka asidi kidogo kwa yale maji moto. Mlango unafunguka, rangi inaingia, inakaa huko ndani. Osha mara mia, haitoki.”

“Na hiyo asidi inatoka wapi?” Njeri akauliza, ingawa alijua jibu.

“Bwana Rangi anasema wazungu wa zamani waliikamua kwa siafu.” Bwana Rangi ndilo jina tulilompa yule fundi mkuu, Mhindi mwembamba aliyevaa miwani. “Ndiyo maana inauma. Siku hizi inatengenezwa na mashini, inakuja na meli. Watu wa ngozi wanaitumia kulainisha ngozi. Kuna nchi wanatoa maziwa kwa mti, wanatia hii, maziwa yanaganda, yanakuwa mpira wa gari. Na kuna mzungu huko Njoro anainyunyizia majani ya ng'ombe yasioze.”

“Maji ni hayo hayo?” Baba akauliza kwa mshangao, kila mara kama mara ya kwanza.

“Hayo hayo. Ukiyaangalia utasema ni maji ya mfereji. Lakini tone moja likikaa kwa mkono, linatoa lengelenge.” Halafu alitugeukia sisi na kuinua kidole chake chekundu. “Unatia nini kwanza?”

“Maji kwanza!” tulipiga kelele.

“Halafu?”

“Asidi inafuata!”

“Na mtu akigeuza?”

“Itamrukia usoni!”

Alituimbisha hivyo mara nyingi sana. Nataka hilo lijulikane. Mtu asiseme nilikuwa mtoto sikuambiwa.

Mwaka huo kanisani tulikuwa tunajiandaa kwa Siku ya Watoto, na mwalimu wa kwaya alisema kila msichana aje na skafu nyekundu. Baba Njeri aliokota pindo la blanketi lililokatwa likatupwa, akaomba ruhusa, akalitumbukiza kwenye tangi la rangi nyekundu pamoja na kazi ya siku hiyo. Skafu ya Njeri ilitoka nyekundu kama ua la mnyonyo. Mama yangu naye alikata kipande cha marekani, akanunua pakiti ya rangi kwa Mhindi wa duka, akakichemsha kwenye sufuria ya zamani. Kilipokauka kilipendeza. Siku ya kwanza ya mazoezi mvua ikatunyeshea. Skafu ya Njeri ililoa tu. Yangu ilishuka rangi yote kwenye gauni langu jeupe, mpaka wasichana wa mstari wa mbele wakageuka wakacheka kwamba Beka, yaani mimi, amechinjwa.

Njeri hakucheka. Alinipa skafu yake nijifutie. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Nilijua dawa yake. Rangi yangu ilisimama mlangoni kwa sababu haikuwekewa maji ya siafu. Basi nikaenda kuyatafuta kwa siafu wenyewe. Nyuma ya landhi kulikuwa na njia yao baada ya mvua. Nilichota siafu na kijiti, nikawatia kwenye kopo la samli, nikawaponda na jiwe. Waliniuma mpaka kwenye mapaja. Nilichopata ni uji mweusi wenye harufu ya kitu kilichokufa. Nilikuja kusoma, nikiwa mtu mzima, kwamba siafu hata hawana asidi hiyo, ni chungu wa aina nyingine walio nayo. Baba Njeri alikuwa amepewa jina lisilo sahihi, naye akatupa sisi.

Jumamosi ndiyo siku niliyompelekea Baba chakula kiwandani. Askari wa getini alinijua. Kwa kawaida Baba Njeri na Baba walikula kwa zamu, mmoja akibaki na matangi, na stoo ya asidi ilifungwa wakati wote kwa ufunguo wa Baba Njeri. Jumamosi hiyo nilileta ugali na kunde, na Mama alikuwa ameongeza omena, wale dagaa wa ziwani. Baba Njeri alikuwa katikati ya kupima. Jagi la enameli lilikuwa limeshajazwa, na lile chupa kubwa la kioo lililovikwa kikapu lilikuwa limeinamishwa kwenye fremu yake. Akashika funguo zake aifunge stoo kwanza.

“Wacha tu, Kimani,” Baba akamwambia. “Ni dakika mbili. Chakula kinapoa.”

Wakakaa nje ukutani, kwenye kivuli. Nikasema naenda kunawa mikono bombani.

Mfukoni nilikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya rangi ya kijani iliyokaa kwetu juu ya kabati. Niliingia stoo. Hewa ya mle ilinifunga koo. Nilichukua kata iliyokuwa kando ya jagi, nikachota, nikajaza chupa nusu, nikaziba. Tone moja liliniangukia juu ya kifundo cha mkono. Nililifuta kwa gauni na nikauma mdomo nisilie. Nilipotoka wale wanaume walikuwa wanacheka kitu fulani. Baba Njeri aliniita, akanipa omena kidogo mkononi kwa vidole vyake vyekundu. “Kula, mtoto wangu, ukue haraka.” Nikala. Nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa sokoni. Nilikoka moto nyuma ya nyumba, nikaweka birika, nikatafuta kopo la bati. Birika lilipokuwa linachemka Njeri akatokea, skafu yake shingoni.

“Unafanya nini?”

“Napaka rangi yangu upya.”

Aliona chupa. Akainusa hewa kama mbwa. “Hiyo umetoa wapi?”

“Baba amenipa.”

“Baba yako hawezi kukupa hiyo.”

“Wewe ulipewa! Mimi nisipewe?”

Nikaimimina yote kwenye kopo, juu ya kile kitambaa changu cha marekani. Nikachukua birika.

“Beka, hapana!” Njeri akasema. “Maji kwanza! Maji kwanza, Beka!” Na akainama, akanyoosha mkono kuvuta lile kopo kando.

Nilisikia alichosema. Maneno hayo nilikuwa nimeyaimba mwenyewe mara ngapi. Lakini alikuwa na skafu nyekundu, na alikuwa ananifundisha. Nikamwaga maji yaliyokuwa yanachemka.

Sitaeleza sana. Kopo lilitema. Mimi nilikuwa nimesimama, yeye alikuwa ameinama. Alipiga kelele moja tu, kisha akaanza kuzunguka akishika uso. Mama Njeri alitoka mbio, hakuuliza kitu, akamlaza mwanawe chini ya bomba akamfungulia maji usoni, akimshika kichwa kwa nguvu huku anamfungua jicho kwa vidole. Wanawake walileta ndoo. Mtu mmoja alipata gari la kiwanda, wakampeleka hospitali. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya karo la kufulia, na kopo lilikuwa limelala chini likitoa povu mahali lilipomwagikia vumbi la magadi. Nilitazama lile povu kama kwamba hilo ndilo jambo lililokuwa limetokea.

Wanaume walikuja kutoka kiwandani. Mbele alikuwa Bwana Rangi, nyuma yake Baba na Baba Njeri. Baba Njeri alikuwa anataka kukimbilia hospitali, lakini Bwana Rangi alimwekea mkono begani. Aliinama, akainusa chupa, akampa Baba aishike. Akanigeukia. Hakuwa mkali. Nadhani hata aliogopa, maana yeye pia alikuwa na wakubwa wake.

“Mtoto, sema mzuri. Nani nalete hii dawa hapa?”

Nilimtazama Baba. Nilikuwa nimemsikia Mama akisema mara nyingi kwamba Baba akifukuzwa tutarudi Bunyore kulima mawe. Nilitazama funguo kiunoni mwa Baba Njeri. Yeye alikuwa hanitazami hata, alikuwa anatazama barabara walikompeleka mwanawe.

“Ni Njeri,” nikasema.

“Njeri nalete?”

“Alitoa kwa baba yake.”

Baba Njeri aligeuka polepole. Hakukataa. Sura yake ilikuwa ya mtu anayehesabu siku, anajiuliza ni lini, ni saa ngapi alimpa mtoto nafasi. Akagusa funguo zake. “Stoo ilikuwa wazi,” akasema kwa sauti ya chini. “Mimi ndiye niliacha wazi.”

Hapo Baba angesema, “Ni mimi nilimwambia aache.” Nilimngoja aseme. Alikuwa ameshika ile chupa ya kijani, na alikuwa anaitazama. Chupa ile ilikuwa imekaa juu ya kabati letu tangu nilipokuwa na kikohozi. Mama alikuwa amechora mstari kwa msumari kuonyesha kipimo cha dozi yangu. Baba alipitisha kidole gumba juu ya ule mstari. Kisha akaitia chupa mfukoni mwa suruali yake.

Siku chache zilitosha. Karatasi ya Baba Njeri ilichukuliwa. Ofisi ilisema asidi imetoka mikononi mwake ikafika kwa watoto, na kwa mtu wa kabila lake wakati ule hapakuwa na mazungumzo zaidi. Kazi ya kupima akapewa Baba yangu.

Njeri alirudi kutoka hospitali jicho moja limefungwa bandeji. Jioni hiyo niliwasikia kupitia ukuta. Mama Njeri alikuwa anampiga. Alikuwa anampiga na kulia, akisema kwa Kikuyu kwamba amezaa mwizi, kwamba mwizi huyo amewamaliza wote. Na sauti ya Njeri ilikuwa inarudia maneno mawili, matatu. “Ti niĩ, maitũ. Ti niĩ.” Si mimi, mama. Si mimi. Mama yangu aliacha kusonga ugali, mwiko mkononi. “Hata na jicho lile anampiga!” akasema, akataka kwenda kuwaamulia. Baba akamwambia, “Wacha. Mambo ya watu.” Mimi niliweka vidole masikioni. Hata hivyo nilisikia.

Lori lilikuja asubuhi. Waliruhusiwa vitu vichache. Mama Njeri alipanda bila kuaga mtu. Baba Njeri alimpa Baba mkono, akamwambia, “Usisahau kubadilisha kizibo cha lile chupa kubwa, kimeanza kulegea.” Baba aliitikia kwa kichwa. Mimi nilisogea karibu na lori kwa sababu watoto wote walikuwa wamesogea. Njeri alinitafuta kwa jicho moja mpaka akaniona.

“Beka,” akasema. “Sema.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake imefika. Lori lilikuwa bado halijawashwa. Nilikuwa na nafasi, hata nafasi ndefu. Nikajifanya nafukuza kuku wetu asiingie chini ya magurudumu.

Siku ya Watoto niliimba. Ile marekani, nilikuja kujua baadaye, isingeshika rangi hata ningemwagia tangi zima. Asidi ile hufungulia sufu mlango. Marekani ni pamba, na pamba haina mlango wa namna hiyo. Baba alilijua hilo. Ningemuuliza angeniambia kwa sentensi moja.

Baba alifanya kazi ya kupima mpaka alipostaafu. Alikuwa makini, vijana walimheshimu, lakini hakukaa tena kwenye ngazi kueleza kazi. Jambo lile hatukulizungumza. Mara moja tu, nilipokuwa najifunza unesi nimekuja likizo, alinikuta nasoma kitabu cha dawa za sumu. Akasimama nyuma yangu.

“Kimani alifunga ile stoo kila siku,” akasema. “Kila siku. Siku moja tu mimi nikamwambia awache.”

Nilingoja aendelee, na yeye nadhani alingoja mimi nianze. Akaenda kulisha kuku. Alikufa hivyo.

Baada ya kumzika nilianza kuulizia. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Uhuru ulikuwa umekuja, mashamba yamegawanywa, watu waliofukuzwa wengi walikuwa wamerudi Bonde. Mama mmoja tuliyekutana naye kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa aliniambia kuna Njeri huko Kabazi, jicho moja jeupe, ambaye baba yake alikuwa akisimulia habari za kupaka rangi blanketi mpaka alipofariki.

Nilikwenda Jumapili moja baada ya ibada. Nilimkuta anakama ng'ombe. Mwanamke mwembamba, mwenye mikono ya kazi. Aliinua kichwa, akanitazama kwa lile jicho zima, na akanijua kabla sijasema jina. Hakusimama. Alimaliza kukama.

“Umekuja kusema?” akaniuliza.

“Nimekuja.”

“Kwangu hakuna haja. Mimi nilikuwa hapo.” Akafunika ndoo ya maziwa. “Mama yuko ndani. Baba alikufa akiwa amenisamehe kosa langu. Alinisamehe vizuri sana, kila Krismasi. Mama hakuwahi. Nikikosa kurudisha chenji ya sukari ananiuliza nimeiba nini tena. Watoto wangu wanajua nyanya yao ananiitaje. Ingia.”

Mama Njeri alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi magotini, mzee kuliko umri wake. Watoto wawili wa Njeri walikuwa mezani wanafanya kazi ya shule. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, habari za utoto, habari za woga. Yote yakanitoka.

“Ni mimi Beka, Mama. Wa landhi. Wa Baba Beka.”

“Beka!” Uso wake ukafunguka, akanishika mikono yote miwili. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. “Mtoto wa Mama Beka! Na vile wewe na Njeri mlikuwa mnapendana!”

“Mama, ile asidi niliiba mimi. Niliingia stoo wakati wanaume wanakula. Njeri hakujua kitu. Alikuwa ananizuia. Aliinama kuvuta kopo ili nisiungue, ndiyo ikamrukia. Na nilipoulizwa nikasema ni yeye.”

Mikono yake ilibaki imeshika yangu. Nadhani alisahau kuitoa. Watoto mezani walikuwa wameacha kuandika. Aliniuliza nirudie. Nikarudia, kwa Kikuyu sasa, kile Kikuyu nilichofundishwa na binti yake, ili asikose neno hata moja.

Aliniachia. Akageuza uso mlangoni ambako Njeri alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa, akamwita, si kwa jina, akamwita “maitũ,” vile Wakikuyu wanavyomwita binti yao kwa heshima, kama mama yao. Njeri aliweka ndoo chini akaja. Mama yake alimvuta mpaka akapiga magoti, akampapasa usoni, akampapasa lile jicho jeupe, kisha mabega, kisha mgongo, polepole, mahali pote ambapo siku ile alimpiga.

“Ulikuwa unaniambia,” akasema. “Ulikuwa unaniambia na mimi napiga tu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na jicho linauma.”

“Lilikuwa linauma.”

Mmoja wa watoto alianza kulia bila kujua sababu. Wale wawili walishikana pale chini, mzee na binti yake, na hakuna aliyenitazama tena. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Nilikaa kidogo, halafu nikaona ninakaa mahali pasipo pangu. Nikachukua mkoba wangu, nikapita kando yao polepole nisiwaguse, nikatoka.